Yule wa Kwenye Picha

Kabla ya vita, Clarisse hakuwa mtu wa ajabu pale Baraka. Alikuwa binti wa mshona nyavu, kwao ni nyuma ya soko, na kidevuni alikuwa na kovu refu alilolipata utotoni alipoangukia jembe la baba yake. Alichojaliwa ni sauti. Jumapili watu wa makanisa mengine walichelewa kwenye ibada zao kwa sababu walikuwa wamesimama chini ya dirisha la parokia, wakingoja Clarisse amalize wimbo.

Wazazi walipofariki, yeye na mdogo wake Albert walilelewa na Constance, binti wa mama yao mkubwa, waliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa. Constance alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na alipokuwa akikanyaga pedali alikuwa akiimba, tena vizuri. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusimama chini ya dirisha kwa ajili yake, na jambo hilo Constance hakulisema hata siku moja.

Mwaka 1994 mfanyabiashara mmoja wa kanda za muziki, Raphaël, alimsikia Clarisse akiimba harusini akaja nyumbani kuomba ruhusa. Constance ndiye aliyetoa jibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mzazi. Wakaenda Uvira, yeye na Clarisse. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, na mwenye mitambo alimsikiliza Clarisse mara mbili kisha akatikisa kichwa.

"Kule juu sauti inakatika," alisema. "We mama, si unaimba pia? Simama nyuma yake. Imba maneno yale yale, pamoja naye. Watu hawatajua."

Constance akasimama nyuma. Sauti mbili zikaingia kwenye kanda moja, na zilipotoka zilikuwa sauti moja, tamu kuliko ya Clarisse na tamu kuliko ya Constance.

Ikabaki picha ya kuweka kwenye karatasi ya kanda. Hapo mtu wa pili hakuhitajika. Constance alikuwa amemshonea mdogo wake gauni jeupe lenye mikono mirefu, na mpiga picha akamsimamisha Clarisse mbele ya ukuta uliochorwa ngazi za jumba la kifahari. Baadaye, kwa brashi ndogo, alilifuta kovu la kidevuni, akaing'arisha ngozi, akayakuza macho kidogo. Clarisse alipopewa ile picha aliitazama muda mrefu.

"Yaya, huyu si mimi."

"Ni we," Constance alimjibu. "Ila ni we mwenye hajalia hata siku moja."

Kanda ilipendwa kuliko walivyotarajia. Ilisikika Uvira, ikasikika Kalemie, ikavuka ziwa mpaka Kigoma. Picha iliuzwa peke yake, ikabandikwa kwa vinyozi na kwenye mitumbwi, na vijana waliitia mfukoni. Lakini Clarisse mwenyewe alipofika harusini na kikwembe chake, kitenge cha kila siku, na kovu lake, watu walimpita wakiulizana mwimbaji atafika saa ngapi. Yeye alicheka. Constance hakucheka.

"Usiende tena mtoni kuchota maji," alimwambia. "Utamuharibia heshima."

"Nitamuharibia nani?"

"Clarisse."

Alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akishona, na Clarisse akadhani ni mzaha wa mtu mzima.

Vita vya kwanza vilipofika mwisho wa 1996, mji ulimwagika ziwani kama nafaka kutoka kwenye gunia lililopasuka. Wenye mitumbwi walivuka kwenda Tanzania. Wao watatu walikimbilia rasi ya Ubwari, wakakaa kwa ndugu, wakarudi mambo yalipotulia kidogo. Vya pili, mwaka 1998, havikuwapa nafasi ya kufunga hata mzigo. Wenye silaha waliingia Baraka asubuhi, wakaanza kuchoma nyumba kuanzia upande wa soko. Clarisse alikuwa ndani na homa. Paa lilipoanza kuporomoka Albert alimshika miguu akamburuta mpaka nje, akamtupa kwenye shamba la mihogo. Aliishi. Ila moshi ulimwingia kifuani, na aliporudiwa na fahamu sauti iliyomtoka ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Constance hakuonekana. Watu walisema wamemwona akikimbia kuelekea milima ya Fizi na bunda kifuani, akilikumbatia kama mtoto.

Mambo mawili yalisemwa baada ya moto ule. La kwanza, kwamba mwimbaji Clarisse ameungua hadi majivu, kwa kuwa nyumba yake ilionekana imeteketea. La pili lilikuja miezi kadhaa baadaye, kutoka milimani: kwamba amefufuka.

Clarisse wakati huo alikuwa Ubwari na Albert. Nywele zilikuwa zimenyonyoka kwa homa, akawa amenyoa kabisa. Alitwanga mihogo ya watu apate unga wa kula. Kwanza alipozisikia habari za kufufuka kwake alizipuuza. Mwenye njaa hana muda wa kubishana na uvumi. Kisha siku moja mchuuzi wa samaki alifika kijijini na redio ya kanda, akanunua mabuye mapya, yaani betri, ya kuiwashia, akaweka kanda ambayo Clarisse hakuwahi kuirekodi.

Ilianza kwa wimbo wake. Kisha wimbo ukakoma, na sauti ya mwanamke ikasema, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto: "Batoto bangu. Mi njo Clarisse. Moto ulinikula, na moto ukanirudisha. Mwenye atabeba sura yangu mu kifua, risasi itampita sawa maji. Mupande. Bantu ba kule juu, ba Minembwe, wasibaki hata mumoja. Mi nawangojea."

Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi yao. Mmoja alilia. Clarisse alisimama na ule mchi mkononi, na kilichomwogopesha si maneno peke yake, ingawa yalikuwa maneno ya kuwaua wafugaji wa milima ya juu, jirani zao. Ni kwamba kwa pumzi moja au mbili hakuwa na hakika kwamba hakuyasema. Sauti ilikuwa yake. Ilikuwa ile sauti ya kwenye kanda, ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo tena.

"Ni Yaya," alimwambia Albert jioni hiyo. "Ni Yaya Constance anasema kwa jina langu."

Albert alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu moto hakuwa akizungumza sana. Alitoa mfukoni picha, ile ya gauni jeupe, ambayo Clarisse hakujua kwamba anayo, akaitazama, kisha akamtazama dada yake: kichwa kipara, midomo iliyopasuka, kovu.

"Labda," alisema.

Wiki ile ile aliondoka na vijana wengine wa kijiji kupanda milimani. Hakuaga.

Clarisse alimfuata. Watu walimwambia aache, barabara ina vizuizi, wanawake hawapiti salama, na hayo yote yalikuwa kweli. Alijipaka matope na kikwembe chake akakirarua ili asitamaniwe. Alipita vijiji ambamo hakuna jogoo aliyewika. Karibu na mto Mutambala alikuta maiti ya kijana imelala ubavu, shati limefunguliwa, na kwenye kifua picha ya Clarisse ilikuwa imebandikwa kwa damu iliyokauka. Risasi ilikuwa imepitia kwenye uso wa picha. Alitaka kuibandua. Hakuweza kumgusa.

Kambi ya wapiganaji ilikuwa ng'ambo ya Fizi, kwenye tumbo la mlima, vibanda vya majani vilivyopangwa kuzunguka uwanja. Katikati kulikuwa na kibanda kimoja chenye ua wa matete, na mbele ya ua walinzi. Clarisse alijitangaza kwa jina lake. Walinzi waliangua kicheko, kisha mmoja akaacha kucheka akampiga kwa kitako cha bunduki, kwa sababu jina lile halikutajwa ovyo. Wakampeleka kwa mkubwa wao, Komanda Darius, mtu mwembamba aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya vita na ambaye bado aliongea kama anasahihisha madaftari.

"Unasema we ni Clarisse."

"Mi njo Clarisse. Yule mwenye muko naye ni Constance, dada yangu mukubwa. Albert iko hapa, mumuulize."

Darius hakukasirika. Aliagiza apelekwe kwanza kwa Mama mwenyewe, kama walivyomwita mwanamke wa kwenye kanda, mchana ule ule. "Mama ataamua," alisema. "Uongo hauwezi kukaa mbele yake."

Ndani ya ua, juu ya kiti kilichofunikwa kitambaa cha kanisa, Constance alikuwa ameketi na gauni jeupe. Bunda alilokimbia nalo lilikuwa gauni lile. Alikuwa amelipunguza kiunoni, kwa kuwa amekonda, na uso alikuwa ameupaka unga fulani mweupe. Mlinzi alitoka akafunga mlango wa matete. Clarisse alisubiri. Alijua kwamba sasa, wakiwa wawili peke yao, Yaya atavua ule uso, atamshika mikono, atasema walinilazimisha, mdogo wangu, ningefanya nini.

"Karibu, mama," Constance alisema. "Unatoka mbali?"

"Yaya. Ni mimi."

"Watu wengi wanakuya wakisema hivi. Njaa ni mingi."

"Yaya Constance, angalia kidevu yangu. Ni we ulinifunga jeraha."

Constance aliinama akalitazama lile kovu kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa asiyemjua. "Mi sina kovu," alisema. Kisha akaanza kusimulia, kwa sauti ile ya kubembeleza. Alisimulia siku mama yake alipofariki, jinsi yeye alivyokuwa ameketi mlangoni na kikombe cha uji, jinsi alivyokataa kukiweka chini mpaka uji ukaganda. Alisimulia woga wake wa kwanza kanisani, mkojo uliomtiririka miguuni wakati wa wimbo wa Utukufu, na jinsi alivyoimba tu bila kukoma. Yote hayo yalimpata Clarisse. Kikombe cha uji alikuwa amekisahau. Alikikumbuka pale alipoambiwa, akauhisi tena uzito wake kwenye vidole, na akajiuliza kama anakumbuka kweli au anasadiki tu anachosikia.

"Na Constance je?" aliuliza. "Constance iko wapi?"

Yule mwanamke alilainisha gauni mapajani. "Constance aliungua mu nyumba," alisema. "Alikuwa muntu wa nyuma. Hakuna mwenye alimulilia." Akageuza uso. Machozi yalichora mistari miwili kwenye ule unga, na hakuyafuta. "Hata we hukumulilia."

Clarisse alijichunguza. Ilikuwa kweli. Miezi yote ile Ubwari alikuwa amelia nyumba, amelia sauti, amelia nywele.

"Vua, twende," alisema mwishowe. "Hawa batoto banakufa, Yaya. Nimeona mumoja kwa njia. Risasi ilipita mu picha."

"Hakuamini sana," Constance alijibu, na akapiga makofi kumwita mlinzi.

Wapiganaji walikusanywa uwanjani. Wengi walikuwa vijana wadogo, macho mekundu kwa bangi na kwa kukosa usingizi. Darius aliwasimamisha wanawake wawili mbele yao, mmoja mweupe kama maziwa, mwingine wa matope, akainua picha juu.

"Angalieni. Nani kati ya hawa?"

Wote walimtazama yule mweupe.

"Waimbe," mmoja alipaza sauti. "Tusikie."

Clarisse aliimba kwanza. Alijua itakavyokuwa, ila mwili una ujinga wake. Alivuta pumzi kama zamani na akaamini kwa dakika moja. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo. Vijana walizomea. Kisha Constance akafumba macho akaimba, na ilikuwa sauti ya kanda, ile ya juu isiyokatika, ambayo siku zote ilikuwa ni yake na hakuna aliyejua. Kijana mmoja aliweka bunduki chini akapiga magoti. Wengine wakafuata. Clarisse aliisikiliza hadi mwisho na alitambua, bila mtu kumwambia, kwamba watu walipokuwa wakimsifia yeye, nusu ya sifa haikuwa yake.

"Albert," Darius aliita. "Njoo hapa. Wewe ni kaka wa Mama. Huyu anasema wewe ni kaka yake."

Albert alitoka mstarini. Walikuwa wamempa buti na kofia, na wenzake walimpisha njia kwa heshima. Alimkaribia Clarisse mpaka wakatazamana macho kwa macho.

"Huyu ni nani?" Darius aliuliza.

"Simujue," Albert alisema. "Dada yangu ni ule." Akaonyesha kwa mkono, bila kugeuka kutazama anakoonyesha.

Darius alitoa bastola, akaishika ikitazama chini, kwa upole. "Nitakuuliza mara moja tu, mama, na ujibu vizuri. Jina lako nani?"

Clarisse alimtazama Albert, naye Albert alikuwa akimtazama kwa macho yaliyokuwa yakisihi jambo, ila ni jambo gani hakuweza kulijua.

"Marthe," alisema. "Mi naitwa Marthe. Nilikuwa na njaa."

Walimcheka, wakampiga kidogo, wakampa mihogo mibichi mikononi, wakamtelemsha hadi barabarani. Njia nzima alikuwa akilirudia jina hilo moyoni, asije akakosea akiulizwa tena, na alipofika Fizi aligundua kwamba linamtoka mdomoni bila kulifikiria.

Mapigano makubwa yalikuja miezi michache baadaye. Waliosalimika walisimulia kwamba Mama alishuka mlimani mbele ya vijana, na gauni lake, akiimba, na kwamba bunduki za mashine za adui zilipoanza kulia hakuinama. Vijana nao hawakuinama, kwa kuwa yeye hakuinama. Haikuchukua muda, yeye na wengi wao wakaanguka. Albert alikufa karibu naye. Wengine walisema alijaribu kumfunika, wengine walisema alikuwa akikimbia. Hakuna aliyeweza kumwambia Clarisse kama pale uwanjani mdogo wake alimkana ili kumwokoa, au ili abaki kuwa kaka wa Mama, au kwa kuwa aliamini. Amelichunguza jambo hilo pande zote, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye dagaa, na mpaka leo halijamkwama wala halijashuka.

Mwili wa mwanamke wa gauni jeupe ulizikwa kando ya barabara, na amani ilipopatikana watu waliweka msalaba wa saruji: CLARISSE, MWIMBAJI WA BARAKA. Wanawake huacha maua. Kanda ikaanza tena kupigwa mjini, nyimbo peke yake, yale maneno mengine yakiwa yamekatwa, na hakuna anayependa kuyataja. Marthe muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, aliishi Baraka kwenye chumba cha kukodi karibu na ufuko. Nywele ziliota, nyeupe kabla ya wakati. Majirani, wengi wao wageni waliohamia baada ya vita, walimjua kama mwanamke mpole asiyeimba kanisani. Mara moja alipeleka maua yeye mwenyewe, akasimama mbele ya jina lake akamlilia Constance, na wapita njia wakasema, ona jinsi alivyompenda Clarisse.

Mnamo 2004 watu wa Minembwe walianza tena kutelemka sokoni na maharagwe na siagi, kwa woga, wakikaa pamoja upande mmoja. Siku moja mwanamke mrefu kati yao alisimama mbele ya sinia la ndakala, hakuuliza bei, akabaki kutazama.

"Nakujua," alisema kwa Kiswahili chake cha milimani. "Mimi ni Umutesi. Ulikuja kwetu kuimba siku ya kufungua kanisa, kabla ya vita. Ulilala nyumbani kwangu. Nilikupa maziwa, ukasema yana harufu ya moshi, ukanywa yote."

Muuza ndakala alifungua kinywa kusema jina lake ni Marthe.

"Mume wangu alikuwa Ntwari," yule mwanamke aliendelea, bila kupandisha sauti. "Uliona alivyokusindikiza na fimbo yake mpaka kwenye njia ya chini. Waliomuua walikuwa na sura yako kifuani. Nilijificha kwenye mtama, niliona. Walikuwa wanaimba wimbo wako. Sasa nimekuona hapa unauza samaki, na nataka tu uniambie. Ni wewe?"

Miaka yote ile hakuna mtu aliyemuuliza hivyo akiwa anataka jibu. Kukana kulikuwa rahisi. Jina la Marthe lilikuwa tayari mdomoni. Wanawake wa meza za jirani walikuwa wameacha kupiga kelele, wanasikiliza, na kati yao walikuwamo mama za vijana waliokufa na ile picha.

"Ni mimi," alisema. "Mi njo Clarisse. Kwako nilikunywa maziwa, na mume wako alinisindikiza. Maneno yale sikuyasema mimi. Lakini jina ni langu, na sauti nusu ni yangu."

"Basi ni nani aliyasema?"

Clarisse akasogeza sinia, akampa kigoda chake, yeye mwenyewe akaketi chini kwenye vumbi. Akamweleza. Alianza na studio ya magodoro kule Uvira, akamtaja Constance kwa jina mbele ya watu, jina ambalo mji mzima ulikuwa umelisahau tangu moto. Aliongea kwa ile sauti yake ya mkwaruzo mpaka jua likageuka upande wa milima. Mama mmoja wa meza ya jirani alimtemea mate katikati ya maneno, akaondoka analia. Umutesi alisikiliza yote, mikono kwenye magoti.

Alipomaliza, Umutesi aliinuka akafunga mzigo wake. Hakusema amesamehe, na Clarisse hakuomba.

"Nitasema kwetu kwamba nimekuona," alisema Umutesi.

Clarisse hakujua kama lile lilikuwa tisho au namna ya kuaga. Alimtazama akipita kati ya meza kuwaendea wenzake, mrefu, mgongo umenyooka. Kisha akarudi kwenye kigoda chake, na kwa kuwa samaki walikuwa wameanza kuharibika kwa joto, akaanza kuita wateja.